Valvu Iliyonyamaza

Landikruza kuukuu ya petroli inapoanza kupanda ukingo wa Manga, ukuta wa mlima unaotenganisha Kisii na Nyamira, dereva hushusha gia na kutega sikio. Injini ikikohoa na kuishiwa nguvu, wengi hulaumu kabureta. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye silinda hedi.

Landikruza FJ40 ni mfano mzuri. Gari hilo lilianza kuundwa Japani mwaka 1960, na kuanzia 1975 likapewa injini ya 2F: silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa lita 4.2, valvu 12. Kamshafti imelala ndani ya bloku. Inasukuma fimbo ndefu, fimbo inainua roka, roka inakandamiza valvu. Ni muundo wa kizamani, na ndiyo maana fundi wa jua kali mwenye spana na subira anaweza kuufungua akauelewa.

Kabla ya kufungua chochote, hupimwa kompresheni, na hapo Manga humtega mgeni. Ukingo uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu moja ya tano. Silinda nzima inayosoma psi 150 Mombasa, huku itasoma kama 120. Kwa hiyo fundi makini hategemei namba ya kitabu peke yake, bali hulinganisha silinda zote sita. Moja ikiwa chini, hutia oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, valvu inavuja au gasketi imeungua.

Valvu ya ekzosi ndiyo inayoteseka zaidi. Kichwa chake hufika nyuzi 700 za Selsiasi, hata zaidi, na sehemu kubwa ya joto hilo hutoka pale tu inapokalia kiti chake, kwenye ukanda mwembamba wa kama milimita moja na nusu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, valvu hukaa hapo mara 1,000. Ukanda ukichimbika, joto halina pa kwenda.

Kwa miongo mingi viti hivyo vililindwa na sumu. Risasi, iliyoanza kutiwa kwenye petroli miaka ya 1920, iliacha utando uliozuia chuma cha moto kung'ang'ania chuma kingine. Lakini risasi hiyohiyo ilidhuru ubongo wa watoto. Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar kuiondoa, na kufikia Januari 2006 eneo lote lilikuwa limeiacha. Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani, nayo imeacha. Ulikuwa ushindi mkubwa wa afya. Kazi ya kulinda viti laini vya hedi za zamani ikabaki mikononi mwa mafundi.

Bila utando ule, valvu hung'oa chembe za kiti na kuzama kidogo kidogo. Inapozama, nafasi kati yake na roka huzibika, na mlio wa tapeti hupotea. Mwenye gari hufurahia injini iliyotulia, kumbe valvu haifungi tena sawasawa na ukingo wake unaungua.

Tiba ni kukata kiti kilicholika na kupachika pete ya chuma kigumu, kisha kusaga valvu kwa dawa ya kusagia, kwanza ya chenga kubwa halafu laini. Wachongaji wa mawe ya Tabaka, hukohuko Kisii, wanaijua hatua hiyo: wao hulainisha jiwe kwa msasa na maji, kutoka msasa mkali hadi laini. Baadaye hedi hupinduliwa na kumwagiwa mafuta ya taa juu ya valvu zilizofungwa. Yakipenya hata tone, kazi inarudiwa.

Hedi ya silinda sita ni ndefu na hupinda upesi ikizidiwa na joto, hivyo bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Injini ikishapata moto, nafasi ya tapeti huwekwa milimita 0.20 upande wa kuvuta hewa na 0.35 upande wa ekzosi.

Kimebaki kifuniko cha rejeta. Kwenye kimo cha Manga maji huchemka karibu nyuzi 94, na ni kifuniko kinachoshika shinikizo ndicho huyazuia yasichemke mapema. Springi yake ikiwa imelegea, hununuliwa kingine kabla gari halijarudi mlimani.