Soksi, Kinga na Viatu vya Mpira

Viwanja vingi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Mowlem, ni vya udongo mkavu na changarawe, na muundi wa mtu hauna nyama ya kuukinga. Hata hivyo vijana wengi hushusha soksi hadi vifundoni, wakidhani huo ndio ushujaa! Tangu mwaka 1990 sheria za mchezo zamtaka kila mchezaji avae kinga za miundi, nazo zifunikwe na soksi. Asiyezivaa, refa humtoa nje.

Kinga hutangulia, ndipo soksi ivutwe hadi chini ya goti na kufungwa kwa utepe wa rangi ile ile, usikazwe mno hata damu ikazuiwa.

Kiatu ndicho chenye mashaka zaidi. Wengi hununua cha mitumba huko Gikomba, na kikizidi mguu hukijaza karatasi penye vidole. Mguu huteleza ndani, na kifundo hupinduka. Heri kiatu kinachokaa sawasawa, chenye meno mengi mafupi, maana marefu hayaingii katika ardhi ngumu. Nacho kikimchomoka mchezaji kwa bahati mbaya, asisimame kukitafuta: aweza kuendelea, hata kufunga bao likakubaliwa, mradi akivae mara mpira utokapo nje.