Munganga wa meno na shofere wa mashini: mugongo ni ule ule



Leo tunaongea juu ya waganga wa meno. Musicheke. Mutu anaweza kuuliza: sisi watu wa mine, mambo ya meno inatuhusu nini? Inatuhusu, juu kazi yao inajibu neno moja lenye wakubwa wanapenda kutuambia.

Neno lenyewe ni hili. Shofere wa eskavateri anaenda ku dispansere, anasema shingo na mugongo vinamuuma. Wanamupa vidonge, kisha shefu anamwambia: «Weye unakaa tu. Mashini njo inabeba. Utaumwa namna gani?» Nilisikia jibu hilo ku kampuni zaidi ya moja, na niliona wenzetu wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa angalieni munganga wa meno. Habebi kitu kizito. Kioo na chuma anavyoshika ni vyepesi kabisa. Anakaa ku kiti, ndani ya chumba safi. Lakini katika nchi nyingi ambako walichunguza kazi hiyo, waganga wa meno wengi wanaumwa shingo, mabega na mugongo, na wengine wanaacha kazi mbele ya wakati. Sababu? Kinywa cha mgonjwa ni kidogo, ndani kuko giza. Basi munganga anainama, anageuza shingo, anainua kiwiko, na anabaki vile vile dakika nyingi bila kutikisika. Nyama ya mwili ikikazwa bila kupumuzika, damu haipite muzuri, inachoka, inaanza kuuma. Kwa hiyo si uzito tu unaoharibu mwili. Namna ya kukaa na muda vinaharibu vilevile.

Wataalamu walionyesha jambo hili kwa «mutu wa kompyuta». Fundi anachukua vipimo vya munganga: urefu, mikono, miguu. Anamufunga vipima vidogo ku kichwa, ku mugongo na ku mikono, ao anamupiga video akiwa ku kazi. Kompyuta inajenga mutu mwenye viungo kama vyetu, inamukalisha ku kiti, inaweka mgonjwa mbele yake na taa juu. Kisha inahesabu: shingo imeinama kiasi gani, bega limepanda kiasi gani, kwa dakika ngapi. Hapo fundi anaweza kupandisha kiti cha mgonjwa, kusogeza taa, kubadilisha miwani ya kukuza, yote ndani ya kompyuta, na kuona nini inasaidia, mbele mutu hajaumia na mbele feza haijatoka.

Mfano: mwaka 2014, Kenneth Hansraj, munganga wa uti wa mugongo wa Marekani, alitoa hesabu ya namna hiyo juu ya shingo. Kichwa cha mutu mukubwa ni karibu kilo 5. Kikisimama wima, shingo inabeba kilo hizo. Kikiinama digrii 15, hesabu yake inatoa muzigo wa kilo 12. Digrii 30, kilo 18. Digrii 60, kilo 27. Ni hesabu ya kompyuta, haikupimwa ndani ya shingo ya mutu muzima. Lakini kanuni yake kila mama anaijua: shika ndoo ya maji karibu na tumbo, kisha uisogeze mbali na mwili. Maji ni yale yale, lakini mugongo unakuambia tofauti.

Musifikiri vipimo hivi ni mambo ya waganga peke yao. Kimoja cha zamani, kinaitwa OWAS, kilitoka kwa watu wa chuma. Kampuni ya Ovako, ku Finland, ilikitengeneza ikichunguza wafanyakazi waliokuwa wanatengeneza matanuru, na kilichapishwa mwaka 1977. Kingine, RULA, kilitoka Uingereza mwaka 1993. Hicho ni karatasi moja tu: unaangalia shingo, mugongo na mikono, unahesabu, unapata namba kutoka 1 mpaka 7. Shingo ikiinama zaidi ya digrii 20, namba inapanda. Ukifika 7, kazi hiyo inapaswa kubadilishwa mara moja. Kipimo hiki kinatumika sana kwa waganga wa meno, na ndani ya programu za kompyuta vilevile.

Tukumbuke kitu kimoja. Mutu wa kompyuta anafanana na wale waliopimwa. Programu nyingi zilianza na vipimo vya wanajeshi wa Marekani. Kama kampuni inaleta mutu wa namna ile, tuulize: huyu ana urefu wetu? Bamama wenye kuendesha makamio makubwa wamo? Na mutetemeko wa mashini, ambao munganga wa meno hana, umehesabiwa?

Basi tufanye nini? Kwanza, maumivu yaandikwe. Kila mara unapoenda ku dispansere, omba waandike ni kiungo gani, tangu lini, na unafanya kazi gani. Mutu asiye na karatasi anaambiwa mugongo wake uliharibikia ku shamba. Pili, delege wenu alete neno hili ku komite ya usalama na usafi, ile yenye kuwa ndani ya Kode ya kazi ya 2002, na aombe kazi moja ipimwe kwa RULA: ya shofere, ya fundi wa soude, ya mutu wa laboratware. Tatu, picha ku mine zinakatazwa mara nyingi. Delege aombe ruhusa kwa barua. Musipige simu ya mufichoficho, mutafukuzwa bure.

Kupandisha kiti, kusogeza kioo, kutoa dakika tano za kunyoosha mugongo kila saa: hivi havibomoe kampuni. Mugongo uliovunjika unabomoa nyumba nzima, na pesa ya masomo ya watoto inakatika. Delege asikubali jibu la mudomo. Akisema neno ku komite, lazima liandikwe ndani ya prosè-verbali, na namba ya kipimo ikae pembeni yake.