Filamu ya Lincoln na utumwa uliokwisha bila shangwe Nyanda za Juu Kusini

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

FILAMU ya 'Lincoln', iliyotolewa mwaka 2012 chini ya mwongozaji Steven Spielberg, inasimulia miezi ya mwisho ya maisha ya Rais Abraham Lincoln wa Marekani, aliyeuawa kwa risasi Aprili 1865, siku chache baada ya jeshi kuu la waasi wa Kusini kusalimu amri.

Sehemu kubwa ya filamu hiyo haionyeshi vita. Inaonyesha wanasiasa wakibembelezana, wakiahidiana vyeo na kuhesabu kura. Januari 31, 1865, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Marekebisho ya 13 ya Katiba kwa kura 119 dhidi ya 56, na utumwa ukawa umeanza safari ya kuondoka katika sheria za nchi hiyo. Desemba mwaka huo, baada ya kuridhiwa na majimbo, marekebisho hayo yakawa sehemu ya Katiba.

Daniel Day-Lewis, aliyeigiza nafasi ya Lincoln, alitunukiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 2013.

Kwa mtazamaji wa Mbeya au Iringa, filamu hiyo inaibua swali moja: huku Nyanda za Juu Kusini, ambako watu walitekwa, wakauzwa na kurithiwa, utumwa ulifutwa lini na nani aliufuta?

Jibu ni kwamba haukufutwa kwa siku moja wala na mtu mmoja. Ulilegea kwa zaidi ya miaka arobaini, na walioulegeza kwa kiasi kikubwa ni watumwa wenyewe.

Tangazo si sheria

Ili kuelewa tofauti hiyo, ni vema kwanza kufahamu kilichomfanya Lincoln ahangaike na kura. Januari 1, 1863 alikuwa tayari ametoa Tangazo la Ukombozi. Lakini tangazo hilo lilikuwa amri ya wakati wa vita. Lilihusu maeneo yaliyoasi tu, na halikuwagusa watumwa wa majimbo kama Kentucky na Delaware, yaliyobaki upande wa serikali.

Lincoln alihofu kuwa vita vikiisha, mahakama zingeweza kulitengua. Ndiyo maana alitaka neno hilo liandikwe ndani ya Katiba.

Hata hivyo, sheria nayo ina mwendo wake. Watumwa wa Texas walitangaziwa rasmi uhuru wao Juni 19, 1865, zaidi ya miaka miwili baada ya tangazo la Rais. Aidha, baadhi ya wanahistoria waliikosoa filamu hiyo kwa kuwaonyesha watu weusi kama wasubiri wa hisani, ilhali maelfu yao walikwisha kutoroka mashamba na kujiunga na jeshi la Kaskazini.

Usangu, Uhehe na njia za misafara

Katika karne ya 19, nyanda hizi zilipitiwa na misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyoelekea pwani. Wakati huohuo falme za hapa zilikuwa zikipigana. Wahehe chini ya Munyigumba, na baadaye mwanawe Mkwawa, walishindana na Wasangu wa Merere. Mateka, hasa wanawake na watoto, walikuwa sehemu ya ngawira.

Si wote waliopelekwa pwani. Wengi walibaki hukuhuku, wakalima mashamba ya waliowateka au wakaolewa nao. Mtu wa namna hiyo hakufungwa mnyororo. Kilichomfunga ni kukosa ndugu: asiye na ukoo hakuwa na wa kumdai, wa kumpa shamba wala wa kumsemea penye shauri.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba baina ya Sultani Barghash na Uingereza, lakini amri ya pwani haikufika bara kwa urahisi. Mwaka 1877 balozi mdogo wa Uingereza, Frederic Elton, aliyekuwa akipambana na biashara hiyo, alipita Usangu kutoka Ziwa Nyasa. Alifia njiani, Ugogo, Desemba mwaka huo. Kwa miaka mingi uwanda wa Kitulo, ambao leo ni hifadhi ya taifa, uliitwa kwa jina lake.

Wajerumani walikomesha misafara, si utumwa

Wajerumani waliiteka ngome ya Mkwawa ya Kalenga Oktoba 1894, na Mkwawa akajiua mwaka 1898. Uvamizi na misafara ya watumwa ilififia. Lakini serikali ya kikoloni haikuufuta utumwa wenyewe, kwa hofu ya kuwaudhi wenye watumwa na kuvuruga uchumi.

Badala yake ilitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja, aliyejikomboa kwa fedha, aliyekombolewa na mwingine, au aliyethibitika kuteswa na bwana wake. Mwaka 1901 ilitoka amri iliyompa mtumwa siku mbili kwa juma za kujifanyia kazi zake. Mwaka 1904 ikaamriwa kuwa mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya Desemba 31, 1905 atakuwa huru.

Inashangaza kuwa tarehe hiyo ilipofika, vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha kuwaka, hata Ubena, na moja ya sababu zake kubwa ilikuwa kazi za shuruti na kodi za serikali hiyohiyo. Mtoto alizaliwa huru mbele ya bwana, si mbele ya serikali.

Miguu ilitangulia sheria

Mwanahistoria Jan-Georg Deutsch, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu suala hilo, anaueleza ukombozi wa enzi ya Wajerumani kuwa ni ukombozi bila kufutwa kwa utumwa. Watumwa walihama, walitafuta vibarua, walidai masharti nafuu au hawakurudi tena kwa mabwana zao.

Huku Mbeya kimbilio mojawapo lilikuwa misheni. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1895 wakafungua kituo Utengule. Mmisionari Elise Kootz-Kretschmer aliandika masimulizi ya wanawake waliowahi kuwa mateka, wakiwamo Narwimba na Chisi, ambayo mwanahistoria Marcia Wright aliyachapisha upya kwa Kiingereza mwaka 1993.

Masimulizi hayo hayana rais wala bunge. Yana wanawake waliopita mikono ya watu mbalimbali, wakitafuta mahali ambapo wao na watoto wao wasingeweza kuchukuliwa tena.

Sheria kamili ilikuja mwaka 1922, Waingereza walipokuwa wamekabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa. Masharti ya udhamini huo yalitaka utumwa ukomeshwe, na sheria ya kufuta utumishi wa lazima ikapitishwa. Ilikuwa miaka 57 baada ya kura ile ya Washington na miaka 25 baada ya amri ya Sultani wa Zanzibar ya mwaka 1897.

Swali ambalo bado lipo

Habari hii ina sura ya leo. Iringa na Njombe zinajulikana kwa miaka mingi kama maeneo yanayotoa wasichana wa kazi za ndani kwa Dar es Salaam na miji mingine. Kazi hiyo si utumwa, na wapo waliojenga maisha kwayo. Lakini binti aliyechukuliwa akiwa mdogo, asiyelipwa, asiyeruhusiwa kutoka na asiye na ndugu mjini, yuko katika hali ambayo Narwimba angeitambua.

Sheria zipo. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa na ajira ya mtoto wa chini ya miaka 14. Ile ya mwaka 2008 inakataza usafirishaji haramu wa binadamu.

Historia ya nyanda hizi inaonyesha kuwa sheria peke yake haitoshi. Aliyefungwa huwa huru anapojua kuwa sheria ipo, na anapokuwa na mlango wa kubisha hodi pindi atakapotoka.