Kipande cha Bawa Kilichookotwa Pemba

Juni 2016 bahari ilitupa ufukweni Pemba kipande kikubwa cha bawa la ndege. Wavuvi wa Bagamoyo na Saadani wanaujua mkondo wa bahari hiyo: wakati wa kusi maji hukimbilia kaskazini na hubeba chochote. Tayari uvumi ulikuwa umeenea juu ya MH370, ndege ya Malaysia iliyotoweka Machi 8, 2014 na watu 239. Wengine walisema rubani aliitua baharini kwa makusudi, wengine kwamba iliungua angani.

Wachunguzi wa Australia walianza na namba zilizogongwa kwenye kipande. Moja ilikuwa na tarehe: Januari 23, 2002. Ndege ile ilikabidhiwa Mei 31 mwaka huohuo. Kiwanda cha Italia kilichotengeneza kipande hicho kikafukua kumbukumbu zake, na namba zote zikaangukia ndege hiyohiyo. Hiyo ni kazi ya viwango vya usalama ambayo abiria haioni: kila kipuri na namba yake, kila namba na karatasi yake, hata baada ya miaka 14.

Kilikuwa kipande cha flapu, sehemu ya nyuma ya bawa ambayo rubani huishusha ili ndege iweze kutua kwa mwendo mdogo. Alama za ndani zilionyesha kwamba, kwa uwezekano mkubwa, flapu haikuwa imeshushwa ilipong'oka. Dai la kutua kwa utaratibu likapungua nguvu. Na mabaki mengine, yaliyookotwa Madagascar na kudhaniwa yameungua, yalipopimwa, ule weusi haukuwa wa moto.

Nani alikuwa usukani, na kwa nini ndege iligeuka na kuacha njia yake? Flapu haiwezi kujibu hilo. Ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 ilikiri kwamba chanzo hakikubainika. Kumwita rubani marehemu muuaji juu ya pengo kama hilo ni kuwatesa watoto wake bure. Sheria za kimataifa za uchunguzi zinasema wazi kwamba lengo ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Na somo limepatikana: tangu Novemba 2018, ndege kubwa zikiwa juu ya bahari hutakiwa kufuatiliwa angalau kila dakika 15.

Ukiokota kitu cha namna hiyo Pangani au Bagamoyo, usikikate wala kukiosha. Usikwangue viumbe vilivyokigandia, maana ukubwa wao husaidia kukadiria kimeelea muda gani. Piga picha, andika mahali na siku, kisha wape taarifa polisi au Mamlaka ya Usafiri wa Anga.