Rashi Haisubiri Sensa

Dhahabu ikionekana katika pori la Geita au Shinyanga, Tanzania, habari hukimbia usiku huohuo na rashi, yaani mmiminiko wa wachimbaji, huanza. Wiki chache tu, maduara yamechimbwa, maturubai yamesimama, mama ntilie wamewasha moto. Zahanati ya kijiji, iliyozoea wakulima wa pamba na mpunga, inapokea umati ambao haumo katika mipango yake.

Fedha za zahanati siku hizi hufika. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, ruzuku ya Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili wakiwemo Uswisi na Ireland, hutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya zahanati badala ya kupitia halmashauri. Kamati ya kituo, yenye wanakijiji ndani yake, hukaa na kupanga matumizi. Ni hatua kubwa na inastahili sifa.

Mgawo ndio wenye kasoro. Hutegemea sana idadi ya watu, na sensa hufanyika kila baada ya miaka kumi. Ile ya 2012 iliukuta Mkoa wa Geita na watu 1,739,530. Ya 2022 ikakuta 2,977,608. Makadirio ya kila mwaka yapo, lakini hayawezi kubashiri rashi ya mwakani italipuka pori gani.

Migodi mikubwa huchangia. GGM mjini Geita na Bulyanhulu huko Msalala hulipa ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo, na sheria ya madini iliyorekebishwa 2017 huwataka wenye migodi kukubaliana na halmashauri kuhusu miradi ya jamii. Majengo yamepatikana. Ila jengo halimtafuti mchimbaji anayekohoa kifua kikuu baada ya miaka ya kuvuta vumbi la mwamba. Anayemtafuta ni mhudumu anayelipwa. Hata Marekani, taasisi ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilipotoa dola bilioni 3.2 kwa majimbo na miji mwishoni mwa 2022, sehemu kubwa mno ililengwa kuajiri na kubakiza watumishi.

Misaada ya nje nayo haina uhakika. Tarehe 20 Januari 2025, Tanzania ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo, jirani na Chato mkoani Geita. Siku hiyohiyo, Washington iliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90. Mlipuko ulitangazwa kwisha 13 Machi, baada ya vifo 10, vikiwemo vya waliodhaniwa kuugua bila kupimwa.

Ushuru wa huduma, kinyume chake, ni mapato ya halmashauri zenyewe. Fungu lake likitengwa mapema kwa ajili ya rashi, kwa posho za wahudumu wa jamii na mafuta ya pikipiki ya kubebea sampuli, zahanati itakuwa na pa kuanzia umati unapoingia.