Ugali wa kibandani hauna lebo

Juzi kibandani nilimwuliza mama anayetupikia, "Huu unga ni wa mahindi gani?" Akacheka. "Kijana, wewe kula. Mimi hununua wa kupima."

Nilicheka pia, lakini swali limenikaa. Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO nchini. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku, watu wakakimbia mahakamani. Kanuni zinataka chakula chenye GMO zaidi ya asilimia 1 kiwe na lebo. Poa. Kwa pakiti nitaisoma. Kwa sahani je?

Sisemi GMO ni sumu, hizo waachie WhatsApp. Shida yangu ni nani anachagua. Bayer ilinunua Monsanto mwaka 2018 kwa takriban dola bilioni 63, ikawa kampuni moja inauza mbegu na pia dawa ya kuua magugu. Mkulima akibakiwa na maduka mawili matatu ya kununua mbegu, chakula chako kimeshachaguliwa kabla hujashika sahani.

Nililipa, nikaomba sukuma ya kuongeza. Hiyo angalau anayeilima namjua, tunapanda matatu moja.