Je, Wajua? Brashi Iliyomtangulia Elsa

Je, wajua kwamba mwanamke aliyemlea simba Elsa mjini Isiolo alikuwa mchoraji hodari miaka mingi kabla Elsa hajazaliwa? Dunia inamkumbuka Joy Adamson kwa kitabu chake cha mwaka 1960, *Born Free*. Sisi wa Isiolo, kuanzia mjini hadi Oldonyiro, tunapaswa kumkumbuka kwanza kwa brashi.

Je, wajua kwamba wazazi wake hawakumwita Joy? Alizaliwa Friederike Victoria Gessner tarehe 20 Januari 1910, katika mji ambao leo ni Opava, Jamhuri ya Cheki. Jina la Joy alipewa na mume wake wa pili, mtaalamu wa mimea Peter Bally. Walikutana melini mwaka 1937, safari ya kuja Kenya.

Je, wajua kwamba alianza na maua? Bally alikusanya mimea, Joy akaichora kwa rangi za maji. Mchoro wa namna hiyo haukubali mapambo wala kubahatisha: mtaalamu akiutazama lazima autambue mmea kwa umbo la jani, mpangilio wa petali, hata vinyweleo vya shina. Mwaka 1947 michoro hiyo ilimpatia medali ya dhahabu ya Grenfell kutoka chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza. Naamini ni jicho lile lile lililozoea petali ambalo baadaye halikuruka hata ushanga mmoja shingoni mwa mtu.

Je, wajua aliletwa Isiolo na ndoa? Mwaka 1944 aliolewa na mume wake wa tatu, George Adamson, bwana nyama wa eneo lote la mpaka wa kaskazini, aliyekuwa na makao yake Isiolo.

Je, wajua kwamba serikali ya kikoloni ndiyo iliyomwagiza achore watu? Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliombwa achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi, kwa imani kwamba mila hizo zilikuwa zinatoweka. Akazunguka nchi miaka kadhaa, akaketi mbele ya wazee, morani, mabibi harusi, waganga na vijana waliotoka jandoni. Akachora zaidi ya picha 500. Nyingi zinamwonyesha mtu mmoja tu, bila mandhari ya kuvutia nyuma yake: uso, ngozi, hereni, udongo mwekundu nyweleni, kovu likiwa kovu. Mwaka 1967 zilimzalia kitabu *The Peoples of Kenya*.

Je, wajua kwamba waliotabiri kutoweka huko walikosea, angalau kwa sehemu? Nenda kwenye soko la mifugo la Oldonyiro. Kati ya mbuzi na ng'ombe utawakuta morani wa Kisamburu wamevaa shanga, na akina mama wa Kiturkana wenye mikufu iliyopangwa hadi kidevuni. Kilichobadilika ni rangi, malighafi na mitindo, na hapo ndipo picha za Joy zinapopata thamani yake kubwa: ni kumbukumbu ya rangi kutoka enzi ambayo kamera nyingi zilitoa nyeusi na nyeupe tu.

Je, wajua kwamba Elsa alifika nyumbani kwa Joy na George mwaka 1956, baada ya George kumpiga risasi simba jike aliyekuwa mama wa Elsa? Filamu ya *Born Free* ya mwaka 1966 ilipata tuzo mbili za Oscar, zote za muziki.

Je, wajua kwamba Joy alifia Isiolo? Aliuawa tarehe 3 Januari 1980 katika Hifadhi ya Shaba, akikaribia kutimiza miaka 70. Kwanza ilisemekana ni simba. Uchunguzi ukaonyesha ni mkono wa binadamu.

Je, wajua picha zenyewe ziko wapi? Nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, nyingine ziko Ikulu. Mtoto wa Oldonyiro anayetaka kuona jinsi watu wa enzi ya babu yake walivyojipamba lazima asafiri hadi jiji kuu. Hilo linaniuma. Nakala nzuri zichapishwe, zitundikwe katika shule za Oldonyiro na Kipsing, na wazee waitwe wazieleze: pambo hili lilivaliwa na nani, lini, kwa sababu gani. Morani aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1950 sasa amepita 90.